Kukodi na Kukodisha

Mwaka wa 2022 nilihamia mjini Busia kukusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu nyimbo za akina mama wafanyao biashara mpakani. Nilihitaji chumba cha miezi sita. Ng'ambo, upande wa Uganda, vyumba vilikuwa nafuu, na wenzangu wawili walinishawishi nivuke. Nilikataa. Nilikuwa nimesikia ya wapangaji waliokwama Machi 2020, Uganda ilipofunga mipaka yake kwa abiria: wao huku, magodoro yao kule.

Nikapata ploti mtaa wa Marachi, vyumba vinane vinavyotazamana, bomba moja uani. Jirani yangu, dereva wa malori ya Kampala, alilala kwenye foleni ya Malaba mara nyingi kuliko kitandani mwake. Mama mwenye ploti alikuwa amevusha vitenge na omena kwa miaka mingi, kabla ya kituo cha pamoja cha forodha kuzinduliwa mwaka wa 2018.

"Kodi ni elfu tatu na mia tano, dipoziti ni hiyo hiyo," aliniambia. "Ukikubali, tuite mashahidi wawili."

Mashahidi! Nilidai mkataba wa maandishi. Ajabu ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikiitetea fasihi simulizi darasani kwa jazba zote. Usiku huo nikauandika mwenyewe kwa Kiswahili kizito, nikijaza "ilhali" na "aliyetajwa hapo juu". Ili nionekane mwenye haki, nikaongeza kifungu cha tano: mpangaji atakayepitisha tarehe kumi bila kulipa atahama pasi na kudai amana. Sikudhani kingenihusu. Mama akatia sahihi bila kuuliza neno.

Mwezi wa nne fedha zangu za utafiti zilichelewa. Tarehe kumi na moja, jioni, mlango ukabishwa. Mama alikuwa amefuatana na mjukuu wake wa kidato cha tatu, mkataba ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Mwalimu," kijana akasema kwa adabu, "hapa umeandika, 'Mimi mwanafunzi wa uzamili nimekodisha chumba nambari sita.' Sisi tumefundishwa kwamba anayelipa hukodi, anayelipwa ndiye hukodisha. Sasa nyanya ndiye anadaiwa?"

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Kiambishi hicho cha usababishi nimewahi kuwafafanulia wanafunzi wa mwaka wa kwanza ubaoni! Kweli, Kenya nzima mpangaji husema "nimekodisha nyumba", na kiisimu ningeweza kujitetea kwamba matumizi ya wasemaji nayo ni hoja. Lakini mdaiwa hana ujasiri wa kutetea isimujamii mlangoni.

Mama alicheka hata akaketi juu ya mtungi wa maji. Kisha akanyamaza.

"Kodi ni kodi, mwanangu. Kule forodhani hakuna aliyeningojea. Mzigo ulibaki kwao mpaka nilipe."

Nilijua kwamba Kiswahili kimeziweka kodi ya nyumba na kodi ya serikali katika neno moja. Sikuwahi kulisikia likitamkwa na mtu aliyezilipa na kuzidai zote mbili.

"Karatasi yako inasema uhame," akaendelea. "Mashahidi ningewauliza tufanyeje. Uliwakataa."

Sikuwa na jibu. Hatimaye nikamwomba radhi, nikauliza kama ingewezekana kuwaita sasa. Akamtuma kijana. Wakaja dereva, aliyekuwa nyumbani kwa bahati, na mama muuza mandazi wa chumba cha pili. Mbele yao nikaahidi kulipa kufikia tarehe ishirini na tano. Dereva akaongeza, bila mimi kumwomba, kwamba nikishindwa atatoa nusu yeye.

Nililipa tarehe ishirini na nane. Alikuwa amekwisha kutoa nusu yake, nikamrudishia.

Mkataba ninao hadi leo. "Nimekodisha" imekatwa kwa wino mwekundu, na juu yake kijana ameandika "nimekodi". Kifungu cha tano kimepigwa mstari na mkono mwingine.