Mapigo 50

Mbolea ya potasiamu tunayotia kwenye kahawa huku Makutano, Meru, hutoa mnururisho hafifu wa asili. Kati ya atomu 100 za potasiamu-40 zinazovunjika, takriban 89 hutoa beta. Karibu 11 zilizobaki hutoa gamma. Kwenye kipima cha Geiger chenye dirisha jembamba, zote hulia mlio mmoja. Kifaa hakikwambii ni ipi.

Gamma, aliyoigundua Paul Villard mjini Paris mwaka 1900, haizimiki, hupenya. Kwa hiyo wapimaji huifunika beta. Bamba la alumini la milimita chache huizuia, huku gamma ikipita karibu yote. Unapima bila bamba, unapima nalo, kisha unatoa. Kilichopungua ndicho beta. (Bamba la risasi halifai hapa: beta ikigonga metali nzito huzaa eksirei, na hesabu huvurugika.)

Kazi iko kwenye huko kutoa. Tuseme mbolea ni kidogo, mapigo mengi yanatoka kwenye mazingira, nawe umepata mapigo 1,050 bila bamba na 1,000 ukiwa nalo. Tofauti ni 50. Lakini mapigo huja kwa nasibu, na kuyumba kwa vipimo vyote viwili huiangukia tofauti hiyo ndogo: karibu 45. Bado hujajua kitu. Pima kwa muda mrefu mara mia, upate tofauti ya 5,000 na shaka ya kama 450. Sasa unaweza kusema.

Naamini dhuluma nyingi za nyumbani hazitokani na chuki, bali na kupima kwa haraka. Tulipokaa kujadili matunzo ya mama, sauti ya kaka ndiyo iliyojaa sebuleni, na alistahili kusikilizwa: yeye ndiye anayetuma pesa kila mwezi. Dada alinyamaza. Baadaye akaenda Embu kumuuguza mwanawe. Pesa za kaka ziliendelea kuingia vilevile, ila dawa za presha zilianza kubaki kwenye pakiti, na maziwa yakawa yanalikosa gari la ushirika. Wiki ya kwanza tulisema ni mvua. Ingeweza kuwa hivyo kweli. Wiki moja haithibitishi. Lakini wiki ziliendelea kufuatana, mvua ikakatika, na pakiti zikabaki zimejaa.

Kaka mwenyewe ndiye aliyeitisha kikao kingine, akamwomba dada aanze yeye kuzungumza.