Shoka la Kuazima

Kijana alirejea likizo nyumbani kwa bibi yake, Mwembesongo, na Nagona ya Kezilahabi mkobani na istilahi mpya kinywani: uhalisia mazingaombwe. Riwaya hiyo ya mwaka 1990 ilimfunza kusoma upya, akaona kwamba hata Biblia ya bibi yaweza kusomwa vivyo hivyo. Kwa García Márquez, Remedios hupaa mbinguni pamoja na mashuka, na Fernanda husikitikia mashuka. Katika kisa cha Elisha, chuma cha shoka huelea mtoni; mwenye kulia hulia kwa kuwa shoka lilikuwa la kuazima. Balaamu hujibizana na punda wake kana kwamba agombana na jirani. Hakuna ashangaaye, na huko kutoshangaa ndiko alama ya mtindo wenyewe.

Jioni, Uluguru ikijitanda ukungu, akamsomea bibi kisa cha binti Yairo, kisha akaieleza nadharia yake. Bibi alizaliwa mlimani, ambako wazee walimjua Kolelo wa pangoni, mwenye mvua. Kwamba ajabu hukaa jirani na jembe halikuwa jambo geni kwake. Kilichomkera ni neno.

"Mume wangu, mazingaombwe ni ya yule wa sokoni, akuoneshaye mkono huu usiuone ule. Hapa nani kaficha mkono?"

Kijana akajitetea kuwa ni istilahi tu. Kweli, walioiteua hawakukusudia hadaa. Lakini neno halimtii aliyeliteua.

Bibi akaomba mwisho urudiwe. Binti wa miaka 12 amesimama, watu wameduwaa, na aliyemwinua aagiza apewe chakula.

"Hapa wanashangaa," kijana akakiri kwa sauti ndogo, maana kanuni yake ilikuwa imevunjika.

Bibi hakuwa kwenye kanuni. Alikuwa kwenye chakula. Binti yake wa kwanza, mama mkubwa wa kijana, alifariki akiwa na umri karibu na huo. Usiku ule waliomba hadi alfajiri, na bibi aliinjika uji, kwa kuwa kisa kilitaja chakula. Kulipokucha uji ulikuwa umefanya utando juu.

"Akaunywa nani?"

"Mama yako," bibi akajibu. "Alikuwa mdogo, ameamka na njaa."