Wakia Moja na Nusu



Sisi ndugu watatu tulizaliwa Mombasa, lakini tulilelewa Kericho, ambako baba yetu alifungua duka la rejareja. Alipohama pwani alichukua mizani ya babu na sanduku la mawe yake: jiwe la ratili moja, la nusu, la robo, na vijiwe vya wakia. Mama ndiye aliyetufundisha hesabu. Ratili moja, alisema, ni wakia 16. Nusu ni 8. Robo ni 4. Ukigeuza ratili kuwa wakia, zidisha kwa 16; ukirudi, gawanya kwa 16. Tena alitutahadharisha kuwa wakia ya sonara si wakia ya sukari. Ya dhahabu ni gramu 31 na ushei, ya sukari ni 28 na ushei.

Nchi ilipohamia kilo, wateja wakaanza kuomba nusu kilo. Mawe mapya yalichelewa kufika, nasi tukapima kwa jiwe la ratili, tukiongeza kidogo kwa macho. Siku zikawa miezi, na ile nyongeza ya macho ikasahaulika.

Jioni moja alikuja mteja wetu, mama wa Kikipsigis aliyekuwa mchuma chai. Jasho lake lilipimwa kila siku: majani aliyochuma yalitiwa mizanini, na ujira ukafuata kilo. Aliuweka mfuko wa sukari juu ya meza, akasema kwa upole, "Mama, mimi hupimiwa kila siku. Mkono wangu unaijua nusu kilo. Hii haijafika."

Mama alimwomba radhi, akamtimizia haki yake, kisha akatuita na daftari. Nusu kilo ni gramu 500. Ratili ni gramu 454 hivi. Upungufu ni gramu 46, yaani wakia moja na nusu na zaidi kidogo. Tulicheka, hivyo ni vijiko vichache tu vya sukari! Mama hakucheka. "Hesabuni wateja kumi na mmoja," alisema. Tukahesabu, ikatoka nusu kilo nzima. Siku zote tulihimizana kuweka akiba kwa kusema haba na haba hujaza kibaba. Usiku ule tulitambua kuwa haramu nayo hukijaza kibaba vivyo hivyo.

Baada ya sala ya Isha, baba alitukumbusha kwamba Sura ya 83, Al-Mutaffifin, imeitwa kwa jina la wale wanaopunja vipimo, na kwamba watu wa Madyan walionywa juu ya jambo hilohilo kwa ulimi wa Nabii Shuaibu. Kisha akalifungua sanduku. Dawa ilikuwa mle mle siku zote: jiwe la ratili pamoja na vijiwe viwili vya wakia hufikia gramu 510 na ushei. "Afadhali tuzidishe," alisema, na hivyo ndivyo tulivyopima mpaka mawe ya kilo yalipofika.

Lakini deni la nyuma lilibaki. Wateja tuliowajua tuliwaeleza kosa letu na kuwalipa kwa sukari. Wapita njia hatukuweza kuwapata. Baba alilikadiria fungu lao kwa kuzidisha, akalitoa sadaka kwa niaba yao. Duka lilikonda. Wapo waliolichukua deni lao wasirudi tena, wala hatukuwalaumu. Yule mchuma chai alirudi, na kila aliponunua aliutazama ulimi wa mizani. Mama alitukataza kuchukizwa naye. Alisema kuwa huyo ndiye aliyetuondolea mzigo ambao tungeubeba Siku ya Kiyama.

Jiwe la ratili tunalo hadi leo, ingawa halipimi kitu. Tunaliandika habari yake kwa ajili ya dada zetu wanaouza viungo, achari na halua majumbani. Kabla ya kuifungua biashara asubuhi, itazame mizani yako, na iwapo huna hakika, ongeza. Wakia moja haimfilisi muuzaji, bali huenda ikawa ndiyo haki ya mtu aliyeitolea jasho kutwa.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutimiza vipimo. Amin.