Imani Iliondoka, Watu Wakabaki

Nilikulia Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, katika nyumba ya Wakatoliki ambamo rozari ilisaliwa kila jioni kabla ya kula. Nikiwa mtumishi wa altareni niliamini kwa moyo wote kwamba hakuna kinachotupata ambacho Mungu hakukipanga.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya mnada Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Siku mbili baadaye mhandisi mmoja alitolewa humo akiwa hai, na visiwa vyote vikashukuru muujiza. Nami nilishukuru. Usiku, sala ilinishinda. Kama mkono wa Mungu ulimfikia huyo, ulikuwa wapi watoto walipokuwa wakizama? Nilimwendea paroko. Alinisikiliza kwa upole, akaniambia ni fumbo. Nililipokea jibu lake kwa heshima, lakini halikutulia ndani yangu, na mwaka ulipozunguka sikuwa tena na wa kumwomba.

Ukiwa ulioingia ulikuwa mzito. Nilisoma Kichwamaji, riwaya ya mwaka 1974 ya Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe pia. Mhusika wake Kazimoto anaitafuta maana ya maisha, anaikosa, anajiua. Niliogopa kwamba njia yangu ni hiyohiyo.

Mama ndiye aliyenishika. Nilipomweleza kwamba siamini tena, alilia, kisha akasema, "Kama husali, mwanangu, basi twende ukachote maji." Tulikwenda kwenye msiba wa mwanajumuiya. Nikachota maji, nikapasua kuni, nikachimba kaburi, nikalala matangani. Mfiwa hakuniuliza imani yangu. Tangu hapo sijakosa kazi: kushika daftari la michango, kumsindikiza mgonjwa zahanati, kukaa na wazee walioachwa peke yao. Zamani nilikwenda kwa mgonjwa nikifikiria thawabu. Siku hizi nakwenda kwa kuwa anaumwa, na kwa kuwa muda tulio nao pamoja ni huu tu.

Hata ajali ile naitazama vingine. Kivuko kile kilikuwa na uwezo wa abiria 101, kikabeba zaidi ya maradufu. Hapo pana jambo ambalo binadamu wangeweza kulizuia. Kwa hiyo chombo kikijazwa kupita kiasi nasema waziwazi, napinga, nashuka, hata wenzangu wakikasirika. Kulinda uhai wa jirani kumenipa sababu ya kuamka asubuhi.

Mama bado ananiombea, nami namheshimu kwa hilo. Wazazi wenzake nawasihi: mtoto akiwaambia ameacha kuamini, msimfukuze wala msimtenge na misiba na shughuli za watu. Mpeni jembe, mpeni ndoo, aende nanyi. Anayehitajiwa na wenzake hakosi maana ya kuishi.