Mimea Miwili Isiyo na Maua Milimani Nyakabuye

Msafiri apandaye kutoka tambarare ya Bugarama, penye joto na mashamba ya mpunga, kwenda Nyakabuye, huhisi hewa ikibadilika kabla hajafika mbali. Chini huacha chemchemi za maji moto za Mashyuza. Juu humngoja msitu wa Cyamudongo, kipande cha hekta 300 hivi kilichotengana na msitu mkuu wa Nyungwe na kuzungukwa na mashamba. Nchi hii ilikuwa mkoa wa Cyangugu hadi mwaka 2006. Leo ni wilaya ya Rusizi. Wageni huingia msituni wakiinua macho kuwatafuta sokwe. Ni wachache wainamao.

Ainamaye kando ya kijito huona, juu ya jiwe lililolowa, mmea mpana wa kijani uliojibandika kama kipande cha ini. Huo ni markantia. Watu wa Ulaya ya kale, kwa kuliona umbo hilo tu, waliamini kuwa watibu maradhi ya ini. Kwenye kingo za njia husimama mwenzake, likopodia, mithili ya msonobari mdogo usiofika kiunoni. Ndugu zake wengine hutundikwa na matawi ya miti kama mikia. Hakuna kati yao atoaye ua wala mbegu. Wote huzaa kwa spora, vumbi laini lenye uhai ndani yake.

Lakini ujamaa wao waishia hapo upesi. Markantia haina mizizi ya kweli wala mishipa ya kupandisha maji. Askari aliyewahi kulala doria milimani ajua jinsi umande ulowanishavyo nguo bila tone la mvua kuanguka; markantia hunywa vivyo hivyo, kwa mwili mzima, na kwa sababu hiyo hulala chini. Likopodia ina mizizi na mishipa, ndiyo maana yaweza kusimama. Miaka milioni 300 iliyopita, jamaa zake walikuwa miti ya zaidi ya meta 30, na mabaki yao yamo katika makaa ya mawe ya Ulaya.

Ajabu kubwa zaidi ni malezi. Katika markantia, mmea tuuonao ndio mzazi, na mtoto atoaye spora ni kijitu kidogo kilichoning'inia chini ya mwavuli wa mama yake, kikilishwa naye mpaka mwisho. Katika likopodia mambo yamegeuka: mmea tuuonao ndio mtoto, naye mzazi ni kipande kidogo ambacho, kwa jamii nyingi, hujificha udongoni miaka kadhaa kikisaidiwa na kuvu. Spora za mtoto huyo hushika moto kwa mlipuko zikirushwa penye mwali. Mwaka 1807 ndugu wawili Wafaransa, Claude na Nicéphore Niépce, waliendesha mashua kwa injini iliyolishwa vumbi hilo.

Pamoja na tofauti zote hizo, kuna siku moja ambayo wote hutegemea maji: chembe ya kiume lazima iogelee kulifikia yai. Utando mwembamba wa maji watosha, ila usipokuwapo hakuna uzazi. Kivuli cha Cyamudongo ndicho kiuhifadhio utando huo.

Wenyeji wa Mashyuza wameona yatokeayo maji yakiondoka. Mwaka 1987 mtaalamu wa Ujerumani, Eberhard Fischer, alikuta hapo yungiyungi dogo kuliko yote duniani, lenye majani ya sentimeta chache tu. Maji ya chemchemi yakaelekezwa kwingine, na kufikia mwaka 2008 ua hilo lilikuwa limetoweka hapo. Lilisalia katika bustani za Bonn, na kisha Kew, Uingereza, hadi lilipoonekana tena porini Rwanda mwaka 2023. Huko juu, mti mmoja mkubwa ukiangushwa kando ya kijito, jua hulifikia jiwe kabla ya adhuhuri. Likopodia ya ukingoni huendelea kusimama kwa muda. Markantia hujikunja siku hiyo hiyo.