Katika Kutafuta Vipuri

Kitu cha kale kina heshima mbili: heshima ya kazi kilichoifanya, na heshima ya mikono iliyokiunda. Mwenye kukirithi hujiona kwamba ameachiwa amana, na mwenye amana huogopa kubadili. Hofu hii ni njema. Walakini, kama mema yote, ina mpaka wake. Kisa cha fundi mmoja mzee wa Uingereza, aliyetafuta vipuri vya gari la moshi dogo, chaonyesha mpaka huo ulipo.

Fundi huyu alikaa Northampton, mji ambao Wenman Joseph Bassett-Lowke (1877–1953) aliupatia sifa kwa biashara yake ya magari ya moshi madogo. Baadhi ya magari hayo hayakuwa vitu vya kuchezea tu. Yalikuwa na bwela ya kuchemshia maji, silinda na pistoni, na yalikwenda kwa mvuke wa kweli, moto wake ukiwa wa spiriti, juu ya reli zenye upana wa milimita 32. Injini ya fundi ilikuwa moja katika hizo. Baba yake aliinunua kabla ya Vita Kuu ya Pili, akaitunza, akafa. Nayo ikalala sandukuni miaka mingi. Siku ilipofunuliwa ilionekana ina upungufu: magurudumu ya behewa lake yamepasuka, parafujo kadhaa zimepotea, na vali ya salama haipo.

Mtu mwingine angaliifuta vumbi akaiweka juu ya kabati iwe pambo. Lakini fundi alikuwa na mjukuu wa miaka tisa, naye alitaka mtoto aione ikienda. Akajiapiza kwamba hakitaingia katika injini ile kipuri chochote ila kilichotengenezwa zama zake.

Taabu ya kwanza ilikuwa ya parafujo. Asiyejua hudhani kwamba parafujo ni parafujo. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kwa mafundi wa Uingereza hesi ya kipimo kimoja, yenye pembe ya digrii 55. Tangu 1884 kazi ndogo ndogo zilipata hesi yake mbali, iitwayo BA, yenye pembe ya digrii 47 na nusu. Parafujo za leo za kipimo cha mita zina pembe ya digrii 60. BA namba 6 ina unene wa milimita 2.8, jirani yake wa leo ana milimita 3. Jicho haliitambui tofauti hiyo, lakini shaba huitambua. Mwenye kulazimisha huharibu tundu, na tundu likiharibika limeharibika katika mwili wa injini yenyewe. Fundi alizunguka minada na masoko msimu mzima wa baridi, akachambua mikebe ya vyuma vikuukuu, mpaka akazipata parafujo zake zote. Kwa hiyo kiapo chake kilimzidi nguvu, maana kilikwisha kumlipa.

Taabu ya pili ilikuwa ya magurudumu. Yalikuwa ya zinki ya kusubu, na zinki iliyoingiwa na risasi, hata kidogo, huoza kutoka ndani: huvimba, hupasuka, kisha humeguka kama mkate mkavu. Vitu vingi vilivyosubiwa katika miaka ya 1930 vilipatwa na maradhi hayo. Kununua gurudumu la umri ule ule ni kununua ugonjwa ule ule. Fundi alinunua mawili, na yote mawili yakapasuka. Akakubali kwa shingo upande magurudumu mapya, akijituliza kwamba behewa si injini. Kisha akakuta kwamba uzi uliozuia mvuke usivuje penye fito za pistoni ulikuwa wa asbesto, kitu ambacho vumbi lake huua mapafu, na ambacho Uingereza ilikipiga marufuku kabisa mwaka 1999. Akautoa kwa hadhari, akatia uzi wa grafiti. Kiapo kikawa na nyufa mbili.

Ikabaki vali ya salama. Hiki ni kipuri kisichozidi ukubwa wa ncha ya kidole: gololi ndogo iliyokandamizwa na kamani juu ya tundu la bwela. Maji yanapogeuka mvuke katika hewa ya kawaida hupanuka mara 1,600 na zaidi. Yakifungiwa, hutafuta njia. Nguvu ikizidi kipimo, gololi huinuka na mvuke hutoka. Isipoinuka, bwela yenyewe ndiyo itakayofunguka.

Rafiki yake mwenye kerezo alijitolea kumkerezea vali mpya yenye gololi ya chuma kisichoshika kutu. Fundi akakataa. "Hiyo itakuwa injini yako," akasema, "si ya baba yangu." Mwisho akaipata ya kale, katika vitu vya marehemu mmoja vilivyouzwa na mjane wake. Hesi yake iliingia katika tundu kwa vidole tu, bila ya kushurutishwa. Furaha yake ilikuwa kama ya aliyeiona pete iliyozama.

Bwela ilikwisha kujaribiwa kama ilivyo desturi: ilijazwa maji baridi, matundu yakazibwa, ikasukumwa kwa pampu hadi mara moja na nusu ya nguvu ya kazi. Maji hutumiwa kwa sababu hayashindiliki kama mvuke. Bwela ikishindwa huvuja, hairuki. Ikashinda. Likabaki jaribio la vali kwa moto, na fundi nusura aliache. Vali ilitoka kiwanda kimoja na injini. Kuijaribu kulikuwa kama kumshuku baba. Hata hivyo mazoea ya kazi yalimshinda. Akaifunga saa ya kupimia nguvu ya mvuke, akawasha spiriti.

Mshale ulipanda, ukafika alama ambapo vali ilipasa kufunguka, ukapita. Vali ilinyamaza. Wakati ule mjukuu alitoka nyumbani mbio, akainama uso wake juu ya injini apate kusikia mlio. Babu alimvuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akauzima moto. Mshale ukashuka taratibu. Vali ilipofunguliwa baadaye, gololi ilikuwa imeshikamana na kiti chake kwa kutu ya shaba, kama iliyolehemiwa.

Siku ya pili fundi alikwenda kwa rafiki yake mwenye kerezo.

Wasemao kwamba ya kale ni dhahabu hawakukosea. Lakini dhahabu haizuii mvuke. Kuna kipuri kinachokumbusha, na kuna kipuri kinacholinda. Cha kwanza kitafutwe katika zama zake. Cha pili hakina haki ya kuwa cha kale ikiwa kimeacha kulinda. Hata wajenzi wa Tornado, injini kubwa iliyokamilika Uingereza mwaka 2008 kwa kufuata namna ya jamaa zake 49 zilizovunjwa zote, walikubali bwela kutoka Meiningen, Ujerumani, iliyounganishwa kwa kuchomelea na si kwa ribiti kama za awali. Hakuna aliyewaita wasaliti. Jahazi nalo hubadilishwa mbao moja baada ya moja, likabaki na jina lake. Nahodha abakishaye ubao uliooza kwa ajili ya heshima hamheshimu aliyeliunda, wala abiria.

Vali ya kale imo katika kibiriti kitupu, ndani ya sanduku la injini, pamoja na kikaratasi kinachoeleza ilikotoka na kwa nini iliondolewa. Mtoto alipouliza kama injini bado ni ya baba wa babu, mzee alijibu kwamba baba yake aliinunua ili iende. Kisha akaitia maji, akawasha, wakarudi nyuma hatua tatu, wakangoja vali ilie.