Kuta Nene za Pwani

Kiswahili cha pwani kina maneno matatu ya mahali penye kuta, na kila neno lina habari zake. Ngome ni neno la mwenye kujihami. Boma ni neno la mfugaji: ua wa miiba, ng'ombe ndani, simba nje. La tatu ni gereza, ambalo wataalamu wengi wa lugha hulihusisha na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na ambalo watu wa zamani walilitumia kwa ngome kabla halijabaki na maana ya kifungo peke yake. Ukifika Kilwa Kisiwani, ile ngome iliyo kando ya maji huitwa Gereza hadi leo. Nimeyatanguliza maneno haya, msomaji, kwa sababu kila ninapozuru majumba ya kale ya Bagamoyo huona kwamba habari zake nyingi ni za neno moja kugeuka na kuwa jingine.

Kwetu ni Ubena Zomozi, kando ya barabara kuu ya Morogoro. (Wageni hutuchanganya na Ubena ya Njombe, nchi ya Wabena; tumezoea.) Zamani kwenda Bagamoyo kulikuwa na mzunguko, na mwenye shughuli ya siku moja alilazimika kuaga kama mtu wa safari ndefu. Siku hizi mtu hupita Chalinze, akafika Msata, kisha akateremka kwa lami mpaka baharini, na kabla ya adhuhuri yuko mjini anakula samaki.

Jumba la kwanza ninalolipenda ni Ngome Kongwe. Ilianza kama nyumba ya mtu, iliyojengwa mwaka 1860 na Abdallah Suleiman Marhabi. Baadaye ikaingia mikononi mwa Sultani Barghash wa Unguja, ambaye aliiongezea nguvu. Wajerumani wakaweka askari humo. Waingereza wakaifanya gereza. Baada ya Uhuru polisi nao walikaa. Mwishowe ikakabidhiwa idara ya mambo ya kale. Wanaoongoza wageni husimulia habari ya njia ya chini kwa chini iliyopitishwa watumwa mpaka pwani. Kwangu mimi, kuta zenyewe zinatosha. Mtu aliyepandishwa jahazini kwa minyororo mchana kweupe, mbele ya watu wenye kununua ndizi, hakuhitaji kufichwa.

Ukiingia vyumbani utashangaa: jumba ni kubwa lakini vyumba ni vyembamba kama ujia. Sababu yake ni mti. Dari za nyumba za mawe za pwani yetu zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwi ndefu kupita kiasi. Basi tajiri hata awe na pembe za ndovu ghala zima, chumba chake hakipanuki zaidi ya mti unavyoruhusu. Aliweza kukirefusha tu. Kuta ni matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ni matumbawe hayo hayo yaliyorundikwa juu ya kuni nyingi na kuchomwa mpaka yakawa unga. Ndivyo walivyojenga hata wale wa Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji, ambako misikiti miwili na makaburi yenye nguzo yana umri wa karne nyingi kuliko kitu chochote mjini. Watu wa Kaole wanastahili makala yao peke yao. Hapa nitasema tu kwamba ufundi wa mawe haukuletwa Bagamoyo na meli ya Ulaya.

Jumba la pili ni Boma, na hapa ndipo penye mjadala. Lilijengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1895 na 1897, ghorofa moja juu ya nyingine, lina matao ya kufanana na ya Waarabu, na juu kabisa ukingo wake umekatwa meno-meno kama ngome za Ulaya. Yale meno yalikuwa ya mpiga mshale kujificha nyuma yake. Lakini mwaka 1897 ni nani pale Bagamoyo aliyekuwa akirusha mishale? Vita vilikuwa vimekwisha. Abushiri bin Salim, aliyewasimamisha watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Kijerumani mwaka 1888, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani alisalimu amri mwaka uliofuata. Jengo la vita la kweli ni lile dogo la Dunda, la mwaka 1889, la duara, halina urembo wowote. Boma lilikuja baada ya hofu.

Mgeni mmoja kutoka Ujerumani aliwahi kunieleza jambo lililonifungulia macho. Tulikuwa tumesimama mbele ya Boma, naye akacheka kidogo, akasema kwao mashambani karibu kila kilima kina jumba la namna ile, nusu lake gofu, na kwamba karne ya 19 ndiyo iliyokuwa karne ya wao kuyafufua magofu hayo na hata kujenga mapya yenye sura ya kale. Mfalme Ludwig wa Bavaria alianza kujenga Neuschwanstein mwaka 1869, wakati hakuna tena mtu aliyepigana kwa upanga. Kaisari Wilhelm wa Pili naye alilijenga upya gofu la Hohkönigsburg kuanzia mwaka 1900. Kumbe meno ya Boma letu ni ndoto ya watu waliokuwa wakitamani enzi za mababu zao, wakaisafirisha kwa meli. Hata kule Kasanga, Ziwa Tanganyika, kituo chao walikiita Bismarckburg, na hilo burg maana yake ni ngome.

Wenyeji hawakulichukua neno hilo. Waliyaita majumba yale boma, jina la zizi, na sijui kama lilikuwa tusi au ilikuwa ni kuona sawasawa. Mtu akaanza "kuitwa bomani", na neno hilo likabaki hata Waingereza walipokuja, hata tulipojitawala wenyewe na ofisi za wilaya zikawa humo humo.

Mwaka jana nilimpeleka mjukuu wangu wa miaka kumi. Ana kitabu cha picha chenye majumba ya aina hiyo, na kwa mtoto jumba lenye meno lina mwenyewe.

"Babu, mfalme wa hapa alikuwa nani?"

"Hakukuwa na mfalme, mjukuu wangu. Kulikuwa na karani na daftari."

Hakuridhika, na kwa kweli jibu lilikuwa fupi mno. Sheria ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, ule ule Boma lilipokamilika, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3. Ambaye hakuwa na rupia ilimbidi azitafute kwa mwenye nazo, yaani kwa kuuza mazao au kuuza mikono. Katika ukoo wetu husimuliwa kwamba babu mzaa babu yangu alishuka pwani kwa ajili hiyo, akafanya kazi ya kuchoma chokaa miezi kadhaa, akarudi na rupia zake, akazitoa, na mwaka wa pili akashuka tena. Hakuna lingine linalosimuliwa juu yake. Hatuna picha yake wala kaburi lenye jina.

Ndiyo maana shangazi yangu, ambaye sasa ni mzee sana, husema Boma liachwe lianguke. Sehemu yake imewahi kuanguka, naye alipopata habari alisema, "Mvua imefanya kazi yake." Nilipomwambia kuwa tangu mwaka 2006 nchi yetu imeiweka njia kuu ya watumwa na pembe za ndovu, yenye kuanzia Bagamoyo, katika orodha ya awali ya UNESCO, alinitazama kwa huruma. "Watumwa ndio waliotembea njia hiyo," akasema. "Sasa watatozwa kiingilio wajukuu wao."

Sikumjibu siku hiyo, kwa adabu. Lakini sikubaliani naye. Jumba likianguka, kitakachopotea ni kazi ya wale walioteseka, maana Mjerumani alichora ramani tu. Mawe yalipangwa na mafundi wa pwani, na kuni zilikatwa na watu wa bara kama sisi. Ningependa liezekwe, na mlangoni kuwekwe ubao wa Kiswahili wenye kueleza jinsi chokaa inavyochomwa na ilivyopatikana rupia 3. Hayo ya usanifu yafuate.

Tulipotoka tulipita makaburi ya Wajerumani yaliyo karibu na bahari. Yako 20, yametunzwa. Mtoto alisimama mbele ya kaburi moja na kwenda jingine, akihesabu, na akataka kujua walikuwa na umri gani. Kisha tukafika kwenye jiwe la kumbukumbu mahali Wajerumani walipowanyongea waliowapinga. Hapo hapakuwa na majina ya kusoma, akamaliza upesi, akaenda kuokota kombe mchangani.

Ndani ya basi alikaa kimya mpaka tukakaribia Msata. Nilidhani amelala.

"Babu, ile chokaa. Ukiishika kwa mkono inauma?"

"Inachoma," nikamwambia. "Hasa ikipata jasho."